Vivimbe Adimu vya Uti wa Mgongo: Mwongozo Kamili wa Kuvitambua na Kuvifanyia Upasuaji

Vivimbe vingi vinavyoonekana kwenye uti wa mgongo havikuanzia hapo, bali vimesafiri na damu kutoka kwenye titi, pafu, tezi dume au figo, kisha vikatua kwenye mfupa. Mwongozo huu unahusu vile vingine, vilivyoota papo hapo: kwenye mfupa wa pingili, kwenye utando, kwenye mizizi ya neva au ndani ya neva kuu yenyewe. Kordoma, kwa mfano, ambayo ni saratani adimu ya mifupa ya uti wa mgongo, humpata takribani mtu mmoja kati ya watu milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo daktari anaweza kufikia umri wa kustaafu bila kukutana nayo hata mara moja. Uadimu huo ndio hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu anayekutana nayo kwa mara ya kwanza huitendea kama ugonjwa anaoufahamu: hufungua, hukwangua, hufunga, na kwa kufanya hivyo huipoteza nafasi pekee aliyokuwa nayo mgonjwa ya kupona kabisa.

Nimewaandikia madaktari na wauguzi walio mafunzoni, pamoja na mgonjwa au ndugu anayetaka kuelewa kinachofanyika na sababu yake. Upasuaji wenyewe haufundishwi kwa maandishi. Kinachoweza kufundishwa ni mpangilio wa hatua, na katika ugonjwa huu mpangilio huokoa watu wengi.

Neno moja tulinyooshe kwanza. Katika mazungumzo ya kawaida, "uti wa mgongo" humaanisha mifupa na pia neva kuu inayopita ndani yake. Hapa uti wa mgongo ni safu ya pingili, na neva hiyo kuu nitaiita ugwemgongo.

Hatua ya kwanza: Yasikilize maumivu

Maumivu ya mgongo yanayotokana na misuli au diski huongezeka mtu anapoinama au kubeba mzigo, na hupungua anapolala. Maumivu ya uvimbe hufuata njia nyingine: humwamsha mgonjwa usiku, hayajali mapumziko, na wiki hadi wiki huzidi badala ya kupungua. Muulize mgonjwa analalaje. Anayejibu kwamba kwa miezi kadhaa amekuwa akilala kwenye kiti kwa sababu kitandani hapalaliki, amekwisha kukupa nusu ya utambuzi.

Baadhi ya vivimbe vina namna yake ya kujitangaza. Kijana mwenye maumivu ya usiku yanayotulia haraka akimeza aspirini au dawa za jamii hiyo, na ambaye mgongo wake umeanza kupinda upande mmoja, huenda ana osteoidi osteoma, uvimbe mdogo usio wa saratani ambao kwa kawaida hauzidi sentimita 2. Kupinda kwa mgongo wa kijana kwa kawaida hakuumi. Kukiuma, itafutwe sababu yake. Mtu mzima anayekalia tako moja kila anapoketi, ambaye choo kimekuwa kigumu na dawa za kulainisha hazimsaidii, apimwe kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, kwa maana kordoma ya sakramu, yaani mfupa ulio juu ya kitokono, hukua kuelekea mbele na mara nyingi huguswa kwa kidole hicho kabla picha yoyote haijapigwa. Kipimo hicho hakihitaji mashine, na bado hurukwa mara nyingi kwa sababu ya haya ya daktari au ya mgonjwa.

Kisha pima nguvu za miguu, ganzi, na uwezo wa kutambua kidole cha mguu kimesukumwa juu au chini akiwa amefumba macho. Ukiona miguu inalegea kwa siku au saa chache, ganzi kwenye sehemu za mwili zinazogusa tandiko la baiskeli, au mkojo unaogoma kutoka, hapo hakuna tena cha kusubiri, na picha zipigwe siku hiyohiyo. Mgonjwa anayeingia chumba cha upasuaji akitembea ana matumaini makubwa ya kutoka hospitali akitembea, na kwa aliyekwisha kupooza kabisa matumaini hayo hushuka kwa kila saa inayopita.

Hatua ya pili: Picha, na namna ya kuzisoma

Eksirei ya kawaida huchelewa kuonyesha uvimbe, kwani mfupa lazima uliwe sana kabla ya pengo kuonekana. Hata hivyo iangalie vizuri. Ikipigwa kutoka mbele, kila pingili huonekana kama uso wenye macho mawili, na macho hayo ni vikonyo viwili vinavyounganisha mwili wa pingili na sehemu yake ya nyuma. Uvimbe ukila kikonyo kimoja, uso ule hugeuka bundi aliyefumba jicho. Aliyeiona alama hiyo mara moja haisahau.

Picha inayotegemewa ni MRI (picha ya sumaku) ya uti wa mgongo wote, kuanzia shingoni hadi kwenye sakramu, pamoja na dawa ya gadolini inayoung'arisha uvimbe. Usiridhike na picha ya mahali panapouma peke yake, kwa kuwa vivimbe vingine huwa zaidi ya kimoja, na baadhi ya ependimoma (vivimbe vya ndani ya ugwemgongo) hudondosha mbegu zake chini kupitia maji ya uti wa mgongo. CT (eksirei ya tabaka kwa kompyuta) huongezwa kwa ajili ya mfupa: inaonyesha kilicholiwa, kilichobaki, na iwapo ndani ya uvimbe kuna chembechembe za chokaa, jambo linaloelekeza kwenye kondrosakoma, yaani saratani ya gegedu.

Swali la kwanza mbele ya MRI ni uvimbe uko katika chumba gani kati ya vitatu. Ukiwa nje ya dura, yaani utando mgumu unaoufunika ugwemgongo, kwenye mfupa na kando yake, fikiria kordoma, kondrosakoma, sakoma ya Ewing, osteosakoma au uvimbe wa seli kubwa. Ukiwa ndani ya dura lakini nje ya ugwemgongo, mara nyingi ni shwanoma inayoota kwenye mzizi wa neva, au meninjioma, ambayo hupenda usawa wa kifua na huwapata zaidi wanawake. Ukiwa ndani ya ugwemgongo, kwa mtu mzima ependimoma ndiyo inayoongoza na kwa mtoto ni astrositoma. Hemanjioblastoma, yenye mishipa mingi ya damu, ikionekana mgonjwa achunguzwe ugonjwa wa kurithi wa Von Hippel-Lindau.

Kuna vinyonga wawili wa kuangaliwa. Kifua kikuu cha uti wa mgongo hufanana sana na uvimbe, na kinachosaidia kuvitenganisha ni diski: maambukizi kwa kawaida huila diski na kuvuka hadi pingili jirani, ilhali uvimbe mara nyingi huila pingili na kuiacha diski ikiwa imesimama. Si kanuni isiyovunjwa, kwa sababu kifua kikuu chenyewe huweza kuiacha diski kwa muda mrefu. Wa pili ni hemanjioma ya pingili, uvimbe wa mishipa ya damu usio wa saratani, ambao watu wengi wanayo bila kujua. Kwenye CT huonekana kama nukta nukta zilizopangana, na isipobana neva wala kuvunja mfupa haihitaji kisu. Mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi, arudi nyumbani na usingizi wake.

Hatua ya tatu: Biopsi (kuchukua kinyama cha kupima), ambayo ni upasuaji wa kwanza

Ningekuwa na nafasi ya kuandika sehemu moja tu ya mwongozo huu, ningeandika hii.

Vipimo vya damu hutangulia: hesabu ya seli, kalsiamu, kasi ya damu kutulia, na vipimo vya protini vya kutafuta mieloma, saratani ya uboho. CT ya kifua na tumbo hutafuta chanzo kingine cha saratani, kwa sababu uvimbe wa pingili kwa mtu mwenye umri mkubwa hudhaniwa umesambaa kutoka kwingine hadi ithibitishwe vinginevyo. Kama uwezekano wa limfoma (saratani ya mfumo wa limfu) upo na neva haziko hatarini, dawa za steroidi zingoje, kwani huweza kuuyeyusha uvimbe kwa muda na mtaalamu wa patholojia akaletewa kinyama kisichosema lolote.

Seli za kordoma na za kondrosakoma zinaweza kubaki na kuota kwenye njia ya sindano iliyozitoa. Kwa hiyo njia hiyo yote, kuanzia tundu la ngozi hadi kwenye uvimbe, huhesabiwa kuwa imechafuliwa, na lazima iondolewe pamoja na uvimbe siku ya upasuaji mkubwa. Hapo ndipo inapoonekana sababu ya kumtaka daktari atakayefanya upasuaji achague mwenyewe mahali pa kuchoma. Sindano ipite kwenye mstari wa mkato wa baadaye, ielekezwe kwa CT, ipite ndani ya mrija mmoja ili isiguse tishu za kando, na tundu la ngozi litiwe alama ya wino wa kudumu. Uvimbe wa sakramu usichomwe kamwe kupitia njia ya haja kubwa, hata kama unaguswa kirahisi namna gani kutokea huko, kwa maana kufanya hivyo kunaweza kumlazimisha mgonjwa kuondolewa utumbo ambao ungebaki mzima.

Mwaka 1982, na tena mwaka 1996, daktari wa Marekani Henry Mankin na wenzake walichapisha tathmini za biopsi za vivimbe vya mifupa na tishu laini, na mara zote mbili walikuta makosa mengi zaidi pale biopsi ilipofanywa na hospitali inayompeleka mgonjwa kuliko pale ilipofanywa na kituo kitakachomtibu. Nami naliunga mkono hilo bila kusita. Ukishuku uvimbe adimu na huna uwezo wa kuutibu hadi mwisho, mpeleke mgonjwa akiwa bado hajachomwa.

Kinyama kinachotoka kigawanywe: sehemu moja iende patholojia, nyingine ioteshwe kutafuta bakteria na kifua kikuu. Mtaalamu wa patholojia apewe picha pamoja na kinyama, kwa sababu chini ya hadubini kordoma na kondrosakoma hufanana, na kipimo cha protini iitwayo brakiuri ndicho kinachozitenganisha: kordoma huwa nayo. Sakoma ya Ewing huthibitishwa kwa mabadiliko ya jeni ya EWSR1.

Vivimbe vilivyo ndani ya dura kwa kawaida havichomwi kwanza. Hapo picha hutosha kuamua, na jina kamili hupatikana siku ya upasuaji.

Hatua ya nne: Kupanga mpaka wa kukata

Baada ya jina kujulikana, linakuja swali la mpaka. William Enneking alifundisha kwamba vivimbe vya mifupa hupangwa kwa ukali wa seli, kwa kutoka au kutotoka kwake nje ya eneo lake, na kwa kusambaa kwake mwilini, kisha kila kundi hupewa mpaka wake wa kukata. Kwa kordoma na kondrosakoma maana yake ni uvimbe kutolewa kama kipande kimoja kizima, ukiwa umezungukwa na tishu yenye afya, bila kupasuliwa. Tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani) ya kawaida haizisumbui sana, na mionzi ya kiwango cha kawaida haitoshi, ndiyo maana mpaka huo una uzito mkubwa hivyo.

Uti wa mgongo, tofauti na mguu, una ugwemgongo katikati yake, nao hauwezi kukatwa pamoja na uvimbe. Kwa ajili hiyo Boriani, Weinstein na Biagini walitoa mwaka 1997 mfumo unaoigawa pingili kama uso wa saa, sehemu 12 kuzunguka na tabaka tano kutoka nje kuingia ndani. Mfumo huo hujibu swali moja la vitendo: je, kuna mahali pa kuuvunja mduara wa mfupa bila kuugusa uvimbe? Angalau kikonyo kimoja kikiwa salama, ugwemgongo unaweza kupitishwa kwenye pengo lake na mwili wa pingili ukatoka mzima. Vikonyo vyote viwili vikiwa vimeliwa, njia hiyo imefungwa, na mgonjwa aelezwe hivyo kabla ya kutia saini.

Si kila uvimbe huanza na kisu. Sakoma ya Ewing na osteosakoma huanza na tibakemikali. Uvimbe wa seli kubwa unaweza kukazwa kwanza kwa dawa ya denosumabu. Osteoidi osteoma iliyo mbali na neva huchomwa kwa sindano ya joto, na mgonjwa akaenda nyumbani mapema. Uamuzi huu ufanywe mezani na watu kadhaa: wa upasuaji, wa saratani, wa mionzi, wa radiolojia na wa patholojia.

Hatua ya tano: Maandalizi

Uvimbe wenye damu nyingi huzibwa mishipa yake na mtaalamu wa radiolojia siku moja au mbili kabla ya upasuaji. Katika kazi hiyohiyo hutafutwa ateri ya Adamkiewicz, inayolisha sehemu ya chini ya ugwemgongo na ambayo kwa watu wengi huingilia upande wa kushoto, kwenye pingili za chini za kifua au za juu za kiuno. Damu ya kuongeza iwe tayari, na daktari wa kurekebisha ngozi na misuli aitwe mapema kama jeraha litakuwa kubwa.

Mazungumzo na mgonjwa ndiyo maandalizi magumu zaidi. Anayeondolewa sakramu lazima ajue ni neva zipi zitakatwa. Neva za S2 (za pili za sakramu) za pande zote mbili zikibaki pamoja na angalau S3 (ya tatu) moja, wagonjwa wengi huendelea kuzuia haja kubwa na ndogo. Mkato ukipanda juu ya hapo, mrija wa kutolea mkojo na ugumu wa tendo la ndoa huwa sehemu ya maisha. Mambo haya yasemwe kwa maneno yake halisi, mbele ya mwenzi wake kama anapenda, na apewe siku kadhaa za kufikiri.

Hatua ya sita: Ndani ya chumba cha upasuaji

Usingizi utolewe kwa dawa za mshipani, kama propofoli, kwa sababu gesi za usingizi hufifisha ishara za neva zinazofuatiliwa wakati wote wa kazi. Mgonjwa hulazwa kifudifudi tumbo likining'inia huru, kwani tumbo lililobanwa hujaza damu kwenye vena za mgongo na jeraha likavuja kupita kiasi.

Kisha hesabu pingili, na uzihesabu tena. Tarehe 9 Juni 1887, huko London, Victor Horsley alimfungua mgonjwa ambaye William Gowers alikuwa ameutambua uvimbe wake kwa dalili peke yake, kwa kuwa eksirei ilikuwa haijagunduliwa. Horsley alifungua mahali palipotarajiwa na hakuona kitu. Waliendelea kupanda juu, wakaondoa mfupa zaidi, ndipo uvimbe ukaonekana. Mgonjwa aliyekuwa amepooza akatembea tena. Hadi leo kosa la kufungua pingili siyo yenyewe bado hutokea, hasa kifuani, ambako pingili zinafanana, na kwa watu wenye pingili nne au sita za kiuno badala ya tano. Hesabu kutoka kwenye sakramu, linganisha na MRI ya mgongo wote, na eksirei ya mezani ithibitishwe na watu wawili.

*Uvimbe wa mwili wa pingili.* Bertil Stener wa Sweden alieleza mwaka 1971 namna ya kuondoa pingili nzima ya kifua yenye kondrosakoma, na Katsuro Tomita wa Kanazawa, Japani, akaikamilisha njia ya kufanya hivyo kutoka nyuma peke yake kwa msumeno mwembamba kama uzi. Skrubu hutiwa kwanza kwenye pingili za juu na chini. Mbavu zilizoshikana na pingili hukatwa, uzi wa msumeno hupitishwa kuzunguka kikonyo, na sehemu ya nyuma hutolewa nzima. Baada ya hapo nondo hufungwa upande mmoja ili mgongo usiteleze, vidole huingia taratibu pande zote mbili na kuisukuma aota, ateri kuu ya mwili, mbali na mfupa, kisha diski ya juu na ya chini hukatwa. Mwili wa pingili huzungushwa kando ya ugwemgongo, kwa upole kama anayetoa yai chini ya kuku, hadi utoke. Pengo hujazwa kizimba chenye mfupa, na nondo hukazwa. Nondo za nyuzi za kaboni, zinapopatikana, hurahisisha mionzi na MRI za baadaye.

*Shwanoma na meninjioma.* Hizi hukubali kutolewa vipande vipande. Katika shwanoma tafuta uzi wa neva ulikoanzia, uuchochee kwa umeme, na ukate ule tu usiotikisa msuli. Katika meninjioma, sehemu ya dura ilikoshikilia ichomwe au iondolewe.

*Uvimbe wa ndani ya ugwemgongo.* Chini ya hadubini, ugwemgongo hufunguliwa kwenye mstari wake wa katikati kabisa, na mstari huo huenda umesukumwa kando na uvimbe. Ependimoma kwa kawaida ina mpaka wake, na kifaa cha mawimbi ya sauti huipunguza kutoka ndani hadi ukuta wake uporomoke na kujitenga. Astrositoma mara nyingi haina mpaka, na kuufukuzia mpaka usiokuwepo ni kuchimba ndani ya ugwemgongo wenyewe. Hemanjioblastoma isifunguliwe katikati hata kidogo: ateri zinazoilisha hufungwa kwanza na vena kuu mwisho kabisa, la sivyo hufurika damu. Wimbi la D, yaani ishara ya umeme ya neva za mwendo linalopimwa juu ya ugwemgongo, likishuka kwa zaidi ya nusu, acha kukata. Mwagilia maji ya uvuguvugu, pandisha shinikizo la damu, subiri. Ikibidi, funga na uache kilichobaki. Kwa mtoto, mabamba ya mfupa yaliyotolewa nyuma ya pingili yarudishwe mahali pake, kwani mgongo unaokua bila mabamba hayo huweza kupinda mbele.

Dura ifungwe isivuje.

Hatua ya saba: Baada ya upasuaji

Nguvu za miguu hupimwa mara mgonjwa anapoamka, kisha kila saa kwa siku ya kwanza. Mguu uliokuwa unasogea ukiacha kusogea, tafuta damu iliyoganda inayobana na urudi mezani. Waliofanyiwa upasuaji ndani ya ugwemgongo wengi huamka wakiwa hawajui miguu yao iko wapi hadi waitazame. Wakielezwa mapema, hawaogopi sana, na mazoezi ya viungo huanza bila kuchelewa.

Kwa kordoma, mionzi ya protoni au ya ioni za kaboni huongezwa mara nyingi, kwa sababu huishia kwenye kina kilichopangwa. Hivyo uvimbe unaweza kupewa zaidi ya Gy 70 (grei, kipimo cha mionzi), hali ugwemgongo, ambao huvumilia takribani Gy 50, ukilindwa.

MRI ya kulinganishia hupigwa takribani miezi mitatu baadaye, damu na uvimbe wa jeraha vikishatulia, kisha kila baada ya miezi mitatu hadi sita kwa miaka miwili ya mwanzo, halafu kwa nafasi pana zaidi. Kordoma inaweza kurudi baada ya miaka kumi, kwa hiyo mgonjwa wake hafungiwi faili. Kila picha ihusishe pia kovu la mkato na lile tundu dogo lililotiwa wino, kwa sababu kordoma inaporudi, mara nyingine huanzia chini ya ngozi mahali sindano ilipopita.